Watani wa Golikipa

Révérien alikuwa na mikono mikubwa kuliko mwili wake, na mikono hiyo ndiyo iliyompatia kila alichokipata Mpanda. Siku za kazi ilishika randa na msumeno katika karakana ya mzee Gelasius. Jumamosi jioni ilidaka mipira langoni mwa timu ya Nyuki. Mengine yote juu yake hayakumshughulisha mtu. Kwamba alitoka Burundi mwaka sabini na mbili, akavuka Ziwa Tanganyika pamoja na mkewe Médiatrice ndani ya mtumbwi uliojaa watu wasiosemezana, na kwamba ng'ambo ile alimwacha mama na kaka zake asisikie habari zao tena, hayo watu wa mjini waliyajua juu juu tu, na hawakuona sababu ya kuyajua zaidi.

Mwenyewe naye hakuyasimulia. Tangu siku ya mtumbwi kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi, na ganzi hiyo haikumwachia. Alikula akashiba, wenzake wakicheka naye alicheka, usiku alipata usingizi. Walipopelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba na kugawiwa shamba katikati ya miombo, alifyeka, akachoma, akapanda mahindi. Masika ya mwaka uliofuata Médiatrice alishikwa na uchungu wakati njia yote imekuwa tope, gari halipiti, na mtoto wao wa kwanza akafia tumboni. Révérien alichonga kisanduku, akazika, akarudi kupalilia. Médiatrice alilia kwa ajili ya wote wawili.

Gelasius alimwona kwenye mechi ya kirafiki huko huko Katumba. Mzee huyu alikuwa Mfipa mnene, mwenye karakana ya useremala karibu na stesheni, na ndiye mwenyekiti wa Nyuki. Msimu mzima timu yake ilikuwa ikifungwa magoli ya aibu, maana golikipa wao, Osward, aliuogopa mpira kana kwamba unauma. Sasa akaona mtu anaruka kutoka nguzo hii hadi ile, anaufuata mpira vumbini, anainuka nao bila kujipangusa. Alipoambiwa kwamba mtu yule ni seremala pia, Gelasius alikaribia kupiga ishara ya msalaba.

Enzi hizo mkimbizi hakutoka kwenye makazi bila kibali. Gelasius akazunguka kwenye maofisi, akabembeleza huyu, akamwamkia yule, mpaka akakubaliwa: Révérien angeishi mjini na mkewe kwa kuwa ni mchezaji wa klabu, na klabu ingemdhamini. Akitoka kwenye klabu, anarudi Katumba. Révérien alikubali kwa sababu moja. Médiatrice alikuwa na mimba tena, na chumba walichopewa, kwenye nyumba ya mjane mmoja aitwaye Hilaria, kilikuwa karibu na hospitali kiasi kwamba hata mwanamke mwenye uchungu angeweza kutembea kwa miguu. Hakutaka kingine. Alitaka huyu wa sasa azaliwe penye daktari.

Basi akaanza kudaka, na makopo yakaanza kulia.

Yalikuwa makopo matupu ya mafuta ya msaada, yale waliyogawiwa wakimbizi, ambayo yakiisha mafuta yaliuzwa sokoni kwa kuchotea maji. Washabiki waliyabeba hadi uwanjani, wakajipanga nyuma ya goli la Révérien, na kila alipougusa mpira wakayapiga kwa vijiti. "Foleni! Foleni! Posho imefika, panga foleni!" Akifungwa, walimrushia makopo miguuni wakimwambia akinge unga. Akidaka, walimwuliza kama mama yake alizaa mtu au nyani wa kurukaruka. Na wakati hakuna lolote linalotokea, mpira uko kule mbali, walimwimbia polepole kwamba Mrundi hana kwao, Mrundi hana kwao. Ukidhani hao walikuwa washabiki wa timu pinzani, umekosea. Walikuwa wa Nyuki, wamevaa njano na nyeusi, wanamtukana golikipa wao anayewaokoa.

Aliyewaongoza alikuwa Manyanda, Msukuma mrefu, muuza dagaa wa Karema pale sokoni, na mjomba wa yule Osward aliyetolewa golini. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Manyanda aliipenda Nyuki kweli kweli. Ngoma ilikuwa yake, nyimbo zilikuwa zake, na lori likikwama mchangani njia ya Sitalike, alikuwa wa kwanza kushuka kulisukuma. Alikuwa na mdomo tu, na hakuna aliyewahi kumwambia aufunge.

Révérien aliyasikia yote. Hakugeuka nyuma. Wenzake walidhani anajikaza, lakini hakuwa akijikaza. Maneno yalimfikia, akayaelewa moja moja, yakaishia hapo. Jioni alirudi nyumbani, akaoga, akamwuliza Médiatrice kama mtoto amecheza tumboni.

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Kasimiri, kapteni, beki wa kati, Mpimbwe mwenye hasira za karibu. Beki wa kati husimama jirani na golikipa; kila linalorushwa langoni humpitia sikioni. Baada ya mechi ya tatu aliitisha kamati. Walikutana karakanani, wamekaa juu ya mbao, na Révérien akaambiwa aendelee kupiga randa pembeni kwa vile kulikuwa na mlango wa mtu unasubiriwa.

"Ndugu Mwenyekiti," alianza Kasimiri, "sheria ya klabu inasema mwanachama akiaibisha klabu anatolewa. Manyanda ni mwanachama. Atolewe. Na mechi ijayo kopo likilia mara moja tu, mimi naitoa timu uwanjani, tukae chini mpaka wenye makopo waondoke. Wasipoondoka, hatuchezi."

"Tukinyang'anywa pointi?" aliuliza katibu.

"Tunyang'anywe."

Wajumbe walitazamana. Kumtoa Manyanda maana yake ni kutoa ngoma, kutoa nyimbo, kutoa nusu ya uwanja. Gelasius alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana kisa hiki kinaudhi. Alitaka kila mtu abaki na furaha yake.

"Reveri," aliita, "yanakuuma hayo maneno?"

Révérien alisimamisha randa. Alijitafuta ndani akaona hakuna kitu. "Hayaniumi, mzee," alisema, na ilikuwa kweli.

"Mmesikia?" Gelasius akapumua. "Mwenyewe hayamuumi. Sasa jamani, mimi nina wazo. Mimi na Manyanda tunatukanana kila siku ya Mungu. Akipita hapa ananiuliza hili sanduku ninalochonga ni langu, mbona jembamba. Mimi namwambia hakuna mbao ya kutosha miguu yake. Umewahi kuona tumegombana? Hatugombani kwa sababu Mfipa na Msukuma ni watani. Huyu kijana shida yake si matusi. Shida yake hana utani na mtu. Tumpe utani! Warundi wawe watani wa washabiki wa Nyuki, mambo yaishe."

Kamati ilipiga makofi. Waliona mzee amewavusha mto bila mtu kulowa. Kasimiri peke yake alibaki ameduwaa. "Utani unagawiwa na kamati?" aliuliza. "Kama jezi?" Lakini watu walikuwa wameshaanza kupanga nani alete pombe.

Tena alikuwa na haki ya kuduwaa. Utani ni jambo la babu na babu. Watu walipigana, wakachoka, wakaoana, wakazikana, ndipo wakafikia mahali mmoja anaweza kumwita mwenzake mjinga na mwenzake akamcheka. Nyuki waliutengeneza kwa alasiri moja na chungu cha pombe ya mtama. Manyanda alimkumbatia Révérien mbele ya watu, akammwagia tone la pombe miguuni, akatangaza kwa sauti ya uwanjani: "Kuanzia leo wewe mtani wangu! Nikikutukana usinune. Na wewe haya, nitukane!"

Watu wakasubiri. Révérien alifikiri sana. Hakuwahi kumtukana mtu kwa Kiswahili, na lile la Kirundi lililomjia lilikuwa la kitoto. Alibaki ametabasamu, kibuyu mkononi. "Mtani bubu!" alipasuka Manyanda, na kicheko kikaenea hadi stesheni.

Jumamosi iliyofuata makopo yaliongezeka maradufu. Hata wale waliokuwa wakiona haya sasa walikuja nayo, kwa kuwa jambo limeruhusiwa. Kina mama walileta. Walimu walileta. Siku Nyuki walipocheza na timu ya Karema, refa mgeni alisimamisha mpira, akaenda nyuma ya goli kuwauliza wale watu kama wana akili timamu. Alikuwa ameshaokota kopo moja, na Kasimiri ameshaanza kuwaita wenzake wakae chini, Gelasius alipoingia uwanjani mbio na tumbo lake, mikono juu. "Refa, refa! Ni watani hao! Wameruhusiana! Mwulize mwenyewe!"

Refa akamtazama Révérien. Révérien alimtazama Gelasius, akaona mtu anahema, jasho linamtiririka, anamwomba kwa macho. Akafikiria kile chumba karibu na hospitali. "Ni watani," alisema. Refa akaacha kopo lianguke, akapuliza filimbi mpira uendelee.

Siku hiyo ndiyo Médiatrice alipomwuliza. Alikuwa ameketi mlangoni, tumbo limeshuka, anachambua mchele pamoja na Hilaria. Alisikia makopo kutoka pale kila Jumamosi, na wanawake bombani walikuwa wameshamweleza yalivyo.

"Unawajibu?"

"Hapana."

"Mtani asiyejibu ni mtani gani?"

"Sijapata neno," alisema Révérien, akavua viatu.

Mwanzoni mwa kiangazi mama yake Manyanda alifariki. Alikuwa bibi kizee aliyeletwa kutoka Litapunga kuuguzwa kwa mwanawe, na watu wengi walimpenda. Gelasius alipokea habari asubuhi, akafunga kazi nyingine zote, akamkabidhi Révérien mbao bora za mninga. Révérien alichonga jeneza siku nzima. Alilipiga randa hata mahali ambapo hakuna jicho lingefika, kwa kuwa ndivyo alivyojua kufanya kazi, na hakumfikiria Manyanda kwa wema wala kwa ubaya.

Hilaria ndiye aliyemzindua alipokwenda nyumbani kubadili shati.

"Unakwenda kuzika, baba?"

"Napeleka jeneza tu, mama."

"Haiwezekani. Mtani asipofika msibani ni aibu kubwa, watasema umeukataa utani wao. Mtani ndiye anawachekesha wafiwa wapate kula. Bila yeye msiba hauishi."

"Nikifika nafanya nini?"

"Unamwigiza marehemu, alivyotembea, alivyofoka. Kama hukumjua, unawarudishia yale yale wanayokufanyia wewe. Hawakasiriki. Siku ya msiba mtani hakasirikiwi."

Makaburini aliyaona kwa macho yake. Gelasius na Wafipa wenzake walikuwa wamefika mapema. Mzee alijifunga kitenge cha marehemu juu ya suruali, akashika mkongojo wake, akachechemea kulizunguka kaburi akiwafokea wajukuu kwa sauti ya bibi, kisha akajilaza ukingoni na kugoma kuondoka mpaka apewe jogoo. Manyanda alikuwa amekaa chini, macho yamevimba. Alipomwona Gelasius na kitenge kile, bega lake likatikisika. Akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamtupia Gelasius donge la udongo, na watu wote waliomzunguka wakapata kupumua.

Révérien alisimama nyuma, kamba za jeneza bado ziko mkononi. Kumbe ndiyo maana yake, aliwaza. Hakuwa ameelewa kabla. Mama yake mwenyewe alizikwa bila mtu wa kuchekesha, kama alizikwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike mji ule alitaka kumpa mtu kitu, na mtu huyo alikuwa Manyanda. Waliosema baadaye kwamba alikwenda kulipiza kisasi hawakumwona uso. Kasimiri alimwona. Anasema ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kutoa sadaka.

Palikuwa na kopo la maji ya kunawia wachimba kaburi. Révérien akalimwaga, akaokota kijiti, akasogea mpaka ukingoni, akalipiga. Alilipiga kwa mdundo ule ule wa Jumamosi, alioujua kuliko sala. "Foleni! Foleni!" aliimba kwa Kiswahili chake cha kuvuta. "Mama, panga foleni! Posho imefika huko unakokwenda! Foleni, mama, kinga unga!"

Hakuna aliyecheka. Alidhani hawajasikia vizuri, akapiga tena kwa nguvu zaidi. Kisha akaona Gelasius anainuka kutoka ukingoni polepole, kitenge kinamvuka, na mtu fulani akamshika shingo kwa nyuma. Walimpiga ngumi na mateke, wakamburuta hadi nje ya makaburi. Hawakuwa wengi waliompiga, na Manyanda hakuwa mmoja wao. Manyanda alisimama pale pale alipokuwa, akasema maneno machache tu, tena bila kupaza sauti.

"Mama yangu si wa foleni. Mama yangu ana kwao."

Kamati iliyohitaji mwezi na chungu cha pombe kuamua habari ya makopo sasa haikusubiri hata matanga yaanuliwe. Walikutana kesho yake asubuhi. Katibu alisoma ile ile sheria aliyoitaja Kasimiri: mwanachama anayeaibisha klabu anatolewa.

"Si tulisema ni watani?" aliuliza Kasimiri.

"Utani una mipaka, ndugu."

"Mipaka hiyo Jumamosi ilikuwa wapi?"

Katibu alifunga daftari. Mjumbe mmoja alisema kwamba wakati wa msiba si wakati wa mabishano. Mwingine akasema kijana alilelewa vizuri na klabu, akashindwa kulelewa. Gelasius aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono, akaitazama mikono, na mwisho akanyoosha wa kwake. Kasimiri alivua jezi aliyokuwa ameivaa ndani ya shati, akaiweka juu ya mbao, akatoka. Hakurudi Nyuki tena, na wala hakuna aliyemfuata.

Klabu ilipoacha kumdhamini, kibali kikafa. Révérien alipewa habari akiwa karakanani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Alimaliza kuchonga mguu wa kiti uliokuwa mkononi, akafagia maranda. Nyumbani alimweleza Médiatrice kama alivyoelezwa. Médiatrice hakulia. Aliweka mikono juu ya tumbo, akamwuliza kama kwenye treni watapata mahali pa kukaa, maana hawezi tena kusimama muda mrefu.

Siku ya kuondoka Gelasius alikuja stesheni. Alikuwa amebeba kikapu cha mchele na kuku aliyefungwa miguu. Alimwamkia Médiatrice, akatazama tumbo lake, akatazama pembeni. Abiria walikuwa wanapakia magunia.

"Nitaongea na wakubwa," alisema. "Labda wamruhusu mama aje peke yake siku zikikaribia."

"Zimeshakaribia, mzee."

Gelasius alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule. "Reveri, Mungu ananiona. Ule utani niliutafuta kwa ajili yako. Sikutaka uumie."

"Sikuumia," alisema Révérien. Akajikagua kama alivyozoea, na safari hii alikikuta kitu: hasira, ndogo, lakini inamchoma, na ikamshangaza kwamba ilikuwa yake. "Mimi sikuumia hata siku moja. Nilitaka mtu awaambie waache. Basi."

"Sasa mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umekaa pale pale, mzee. Ulikuwa unasikia kama mimi."

Révérien akapokea kikapu kwa mikono miwili, kwa heshima, akamshukuru. Kisha akamshika Médiatrice kiuno, wakapanda taratibu, ngazi moja moja, kwenda kuzalia Katumba.